Aya za Mbingu na Elimu ya Nyota

Kila kizazi husoma vitabu vyake vitukufu kwa taa ya zama zake. Si ajabu, basi, kwamba kizazi kilichopata habari za binadamu kukanyaga mwezi mwaka 1969 kilizirudia aya za Kurani zitajazo jua, mwezi, nyota na mbingu, kikauliza zasema nini juu ya elimu ya nyota. Swali hili ni la haki, lakini aghalabu jibu lake hutolewa kwa haraka. Huchukuliwa aya moja, ikawekwa kando ya uvumbuzi mmoja wa wataalamu, kisha ikatangazwa kwamba aya ilikwisha kusema hayo miaka 1400 iliyopita. Usomaji wa namna hii Waarabu huuita tafsiri ya kielimu. Nasi kwa Kiswahili twaweza kuuita tafsiri ya kisayansi. Makala haya yakusudia kuupima kama upimwavyo usomaji mwingine wowote wa maandiko: kwa maana ya maneno, kwa mpango wa sentensi, na kwa historia ya wasomaji waliotutangulia. Ukweli wa dini si shauri letu hapa. Shauri letu ni uaminifu wa msomaji kwa neno alisomalo.

Usomaji huu haukuzaliwa jana. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Jawahir al-Qur'an kwamba aya isemayo jua na mwezi huenda kwa hesabu haijui kwa ukamilifu ila ajuaye hesabu ya mienendo yao. Fakhruddin al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, aliijaza tafsiri yake kubwa mijadala ya falaki ya siku zile. Katika karne ya 20 Tantawi Jawhari wa Misri, aliyeishi tangu 1862 hadi 1940, alitoa tafsiri ya sehemu 26 iliyoanza kuchapishwa mwaka 1923, yenye picha za mimea, wanyama na nyota. Hoja yake ilikuwa kwamba aya zihusuzo maumbile zapita 750, hali aya za sheria zilizo wazi hazizidi 150. Mbona wanazuoni wametumia umri wao wote katika hizi chache na kuzipuuza zile nyingi? Mwaka 1976 tabibu Mfaransa Maurice Bucaille alitoa kitabu kilichoilinganisha Biblia na Kurani kwa mizani ya sayansi, nacho kikaenea katika lugha nyingi. Waswahili nao hawakuachwa nyuma. Tafsiri ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, iliyotoka mwaka 1995, imejengwa juu ya Al-Muntakhab ya Cairo, ambayo chini ya aya kadhaa huweka maelezo ya kisayansi. Shauri hili, basi, si la Cairo na Paris peke yake. Limo katika vitabu vya Kiswahili visomwavyo Unguja, Mombasa na Maskati.

Haki yadai kwanza tuseme jema la watu hawa. Jawhari hakuandika kwa kutaka kujisifu. Aliona nchi za Waislamu zimetawaliwa na mataifa yaliyozishinda kwa elimu, akataka kuwaonyesha wenziwe kwamba kutazama nyota na kupasua ua ni ibada, si upotevu wa wakati. Kama wito wa kuwaamsha watu waliolala, kazi yake ina heshima. Lakini wito ni jambo moja, na tafsiri ni jambo jingine. Mwenye kuita huulizwa kama watu wameamka. Mfasiri huulizwa kama neno limesema alilodai limesema. Hapa ndipo mizani yetu ianzapo kazi.

Tutazame kwanza mbingu saba, ambazo Kurani huzitaja mara kadhaa. Wanafalaki wa kale, wakimfuata Ptolemy, walihesabu vimulimuli saba vitembeavyo angani: Mwezi, Utaridi, Zuhura, Jua, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Kila kimoja kilidhaniwa kina tufe lake liizungukalo dunia. Juu yao liliwekwa tufe la nane la nyota zisizohama, na juu ya hilo tufe la tisa liendeshalo mengine yote. Baadhi ya wasomi wa Kiislamu walipoipata hesabu hii waliona mambo yamekubaliana kwa namna ya ajabu: mbingu saba ni matufe saba, Kursi ni tufe la nane, na Arshi ni la tisa. Nani angeweza kutamani ulinganifu mzuri kuliko huu? Kisha Copernicus alichapisha kitabu chake mwaka 1543, akaliweka jua mahali pa dunia. Mwaka 1781 William Herschel aliiona sayari ya Uranus, na mwaka 1846 ikaonekana Neptune. Matufe yote tisa yakatoweka kama umande.

Mtu asiwacheke wasomi wale. Hawakuwa wajinga, walikuwa na elimu iliyo bora kuliko zote katika siku zao, na walifanya yale yale yafanywayo leo na wafasiri wa kisayansi. Aya haikuanguka pamoja na matufe, kwa kuwa haikupata kuyataja. Kilichoanguka ni nyumba ya tafsiri iliyojengwa juu ya kiwanja cha kupanga.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Sura ya 36, aya ya 38, yasema jua hukimbia kuelekea kituo chake. Kwa wasomaji wa zama za kati aya hii haikuwa na taabu: jua lilikwenda, na kila mwenye macho aliliona likienda. Baada ya Copernicus, mwenye kuipima aya kwa elimu mpya angelazimika kuona haya, maana jua lilikuwa limesimamishwa katikati. Mwaka 1783 Herschel alionyesha kwamba jua nalo lina mwendo wake miongoni mwa nyota. Leo twajua kwamba jua huzunguka katika kundi kubwa la nyota liitwalo galaksi, kwa mwendo wa karibu kilomita 220 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua miaka ipatayo milioni 230. Wafasiri wa kisayansi hushangilia: tazama, aya ilisema jua hukimbia!

Lakini msomaji makini ataona kitu kingine. Aya moja, bila kubadilika herufi moja, imeonekana kuafikiana na sayansi, kisha kuhitilafiana nayo, kisha kuafikiana nayo tena. Iliyotembea ni sayansi. Aya ilikaa ilipokuwa. Zaidi ya hayo, neno kituo lenyewe halikuwa na maana moja kwa wafasiri wa kale. Wako waliosema ni mwisho wa dunia, ambapo jua litasita; wako waliosema ni kikomo cha safari yake ya mwaka, lifikapo mbali kabisa kaskazini au kusini kisha likarudi; na wako walioshikamana na hadithi ya jua kusujudu chini ya Arshi. Imepokewa pia kwamba Ibn Masud na Ibn Abbas waliisoma aya hii kwa maana ya jua lisilo na kituo. Utajiri wote huu wa maana hufutwa siku tunapoamua kwamba aya yasema habari za galaksi na si habari nyingine.

Sasa tufike kwenye aya ambayo hutajwa kuliko zote katika mjadala huu, nayo ni ya 47 katika Sura ya 51. Yasema mbingu imejengwa kwa nguvu, na humaliza kwa neno la Kiarabu musiun, ambalo Mungu hujitaja kwalo. Shina la neno hili si geni kwetu. Ndilo lililotupa neno wasaa, na Mswahili asemapo hana wasaa hutaka kusema hana nafasi. Katika Kiarabu shina hilo hubeba upana wa mahali, na pia upana wa mali na uwezo. Kurani yenyewe hulitumia neno lilo hilo kwa umoja katika Sura ya 2, aya ya 236, kwa mume mwenye mali, mkabala na mume mwenye dhiki, katika hukumu ya kitoka nyumba cha mke aliyeachwa. Basi maana moja ya aya yetu ni kwamba Mungu ni mwenye uwezo mpana. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, alifahamu kwamba Mungu amezipanua pande za mbingu. Wengine walifahamu kukunjuliwa kwa riziki kwa njia ya mvua.

Mwaka 1927 Georges Lemaître, padri na mwanahisabati wa Ubelgiji, alieleza kwamba ulimwengu unatanuka; na mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alitoa vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali nasi ndivyo inavyozidi kasi ya kutukimbia. Tangu hapo musiun imesomwa na wengi kama tamko la kwamba mbingu ingali ikitanuliwa hata sasa.

Je, lugha yaikataa maana hii? La, haiikatai. Neno laweza kumaanisha mwenye kupanua, na Ibn Kathir hakuwa mbali na hapo. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya neno kuiruhusu maana na neno kuilazimisha, na katika tofauti hiyo ndimo ilimo hukumu yote ya shauri letu. Mwenye kutaka aya iwe ushahidi wa elimu iliyotangulia zama zake hatoshelezwi na ruhusa. Yampasa aonyeshe kwamba maneno hayana njia nyingine. Hapa njia nyingine zipo, tena zilipitwa na watu waliokijua Kiarabu kuliko sisi.

Kuna hoja mbili zaidi. Ya kwanza yatoka katika historia. Mwaka 1917 Albert Einstein, alipoona hesabu zake haziuachi ulimwengu utulie, aliziongeza kipimo maalumu ili utulie, kwa sababu wataalamu wa siku hizo waliamini kwamba ulimwengu kwa ujumla wake haukui wala haupungui. Lau mfasiri wa kisayansi angaliandika mwaka ule, angaliisoma aya hii kwa maana ya uwezo au ya upana uliokwisha kamilika, na angalisema sayansi imemuunga mkono. Wala hakuna mwanafalaki aliyeipata habari ya kutanuka kwa kuisoma aya. Maana iliyoonekana baada ya darubini kuonyesha njia ni zawadi ya darubini.

Hoja ya pili yatoka katika sarufi. Musiun ni jina la mtendaji, na jina la namna hii halisemi lenyewe kama kitendo kimekwisha au kingali kikiendelea. Aya ifuatayo, ya 48, yaitaja ardhi iliyotandikwa, nayo humaliza kwa jina la mtendaji lenye umbo lile lile, kwa maana ya mtandikaji mwema. Aya hizi mbili ni kama milango miwili ya nyumba moja: mbingu na kupanua kwake, ardhi na kutandika kwake. Atakayesema jina la kwanza lathibitisha kwamba mbingu ingali ikipanuliwa, na aseme pia kwamba la pili lathibitisha kuwa ardhi ingali ikitandikwa hata leo. Wanaoisema ya kwanza huinyamazia ya pili, na kunyamaza huko ni dalili kwamba kanuni iliyotumika si kanuni ya lugha.

Hapa mfasiri wa Kiswahili yumo katika mtihani mzito. Mwarabu aweza kulisoma neno lake na kuziacha maana zake zote zikae pamoja. Mswahili akitaka kulifanya tendo, kitenzi humdai wakati. Akiandika kwamba Mungu alizipanua mbingu, amemfuata Ibn Kathir. Akiandika kwamba anazipanua, amemfuata Hubble. Akiandika kwamba ni mwenye wasaa, ameifungua maana kama ilivyokuwa, ila amewaacha wasomaji wengine wakiuliza ni wasaa gani. Silabi moja, li au na, yaamua jambo ambalo asili iliacha kuliamua. Mwanafunzi asiyejua Kiarabu hataiona hukumu hiyo. Ataona neno la Mungu tu. Kwa hiyo mfasiri mwaminifu ataziweka maana nyingine chini ya ukurasa, ili nadharia ya karne moja isivikwe joho la maandiko.

Aya nyingine ipendwayo ni ya 30 katika Sura ya 21, isemayo kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeshikamana kisha zikafumuliwa. Husemwa hii ndiyo habari ya mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu. Lakini wanafalaki wanatuambia ulimwengu una umri wa miaka ipatayo bilioni 13.8, na dunia hii ipatayo bilioni 4.5. Katika mlipuko ule hapakuwapo ardhi ya kushikamana na kitu, ila neno ardhi liwe limegeuzwa maana likawa mata yote. Na aya haikuishia hapo. Huendelea mara moja kutaja maji, ambayo kwayo kila kilicho hai kimefanywa. Ndiyo maana imepokewa kwa Ibn Abbas kwamba mbingu ilikuwa imefungwa haitoi mvua, na ardhi imefungwa haioteshi, kisha zikafunguliwa, moja kwa mvua na nyingine kwa mimea. Tafsiri hii huisoma aya yote, mwanzo wake ukipeana mkono na mwisho wake. Nayo huzungumza na watu walioambiwa watazame: mkulima au mchungaji aliyekwisha ngojea mvua hahitaji kufasiriwa mara mbili.

Wapinzani wa tafsiri ya kisayansi nao wana nasaba ndefu. Al-Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 1388, alisema katika Al-Muwafaqat kwamba Kurani iliteremka kwa lugha na mazoea ya Waarabu wa kwanza, na kwamba masahaba, waliokuwa wajuzi wake kuliko wote, hawakudai kuona ndani yake elimu za wanafalsafa. Katika karne ya 20 Amin al-Khuli, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cairo, alishika njia hiyo kwa hoja za fasihi: neno lifahamiwe kama lilivyofahamiwa liliposemwa, na kitabu cha uongofu hakipati faida kwa kufungwa pamoja na elimu zibadilikazo. Hoja zao zina nguvu, lakini zikivutwa mpaka mwisho zaweza kuigeuza Kurani kuwa mali ya wasikilizaji wa kwanza tu, na wengine wote tukawa wageni mlangoni. Usomaji hauwezi kufungiwa katika karne ya 7. Swali ni elimu ya nyota iingie kwa mlango upi.

Milango ya haki ipo, na wa kwanza ni wa kuondoa kosa. Sura ya 18, aya ya 86, yasimulia kwamba Dhulkarnaini alilikuta jua likichwa katika chemchemi ya matope. Al-Razi alisema wazi kwamba jua ni kubwa kuliko dunia kwa mara nyingi, haliwezi kuingia katika chemchemi yake. Aya yasimulia lilivyoonekana kwa macho ya mtu aliyefika pwani ya mwisho. Hapa elimu haikuongeza neno katika aya. Imefanya kazi ya ua uzuiao mbuzi: umemzuia msomaji asiiingize aya katika upuuzi.

Mlango wa pili ni wa kulikoleza jicho. Katika Sura ya 36, aya ya 39, mwezi wapita vituo vyake mpaka ukarejea kama kikonyo kikuukuu cha shada la tende, kilichokauka na kupinda. Ajuaye kwamba mwezi hutimiza duru yake kwa siku 29 na nusu hivi, na kwamba wembamba ule wa mwisho huonekana mashariki kabla ya mapambazuko, huuona uzuri wa tashbihi hii kuliko asiyejua: wembamba, upindo, rangi ya kuchakaa, na uzee wa mwezi uliokwisha kazi yake, vyote katika kitu kimoja kilichokuwa mbele ya macho ya kila mwenye mtende. Aya ya 40 yasema kila kimoja huogelea katika falaki yake, na Ibn Abbas amepokewa akiifananisha falaki na kigurudumu cha pia ya kusokotea uzi. Elimu ya nyota ikija kwa mlango huu haishindani na neno, hulitumikia.

Yako mambo ya hatari katika mlango ule mwingine, nayo huwapata zaidi vijana wa vyuo vikuu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kitabu chake ni cha kweli kwa sababu kimekubaliana na nadharia ya leo amekabidhiwa imani yenye mdhamini wa muda. Mwaka 1998 wataalamu walitoa habari kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunazidi kasi, na sababu yake wangali wakiitafuta. Sayansi haioni aibu kujisahihisha. Huo ndio uhai wake. Lakini aliyeitundika imani juu ya msumari huo ataona imetikisika kila msumari ung'olewapo. Naye huidhulumu sayansi pia, kwa sababu anayeamini majibu yamekwisha andikwa hungoja wengine wavumbue, kisha huja na aya mkononi kudai urithi. Ndoto ya Jawhari ilikuwa kuwapata Waislamu wenye darubini. Tafsiri yake imezaa wengi wenye kushangilia darubini za watu.

Kuna tukio moja katika historia ya Kiislamu ambalo lastahili kukumbukwa katika shauri hili. Mwaka wa 10 wa Hijra, yaani 632, Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume, alifariki, na siku hiyo jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema jua limepatwa kwa msiba huo. Ushahidi ulikuwa umejileta wenyewe, hapana aliyeutengeneza, na watu walikwisha kuuamini. Mtume alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Al-Ghazali aliikumbuka hadithi hiyo katika Tahafut al-Falasifa alipowaonya wale wadhanio kwamba kuipinga hesabu ya kupatwa kwa jua ni kuitetea dini: hesabu hiyo, alisema, imesimama juu ya dalili zisizo na shaka, na mwenye kuipinga huidhuru dini kuliko adui zake.

Onyo la al-Ghazali lilielekezwa kwa waliokataa falaki. Hadithi aliyoitegemea yawafaa pia walioikumbatia kupita kiasi. Ikiwa mwenye ujumbe mwenyewe hakukubali jambo la angani litumike kuuthibitisha utukufu wa nyumba yake, hata katika saa ambayo faraja hiyo ingalimfaa mno, wafasiri wake wana sababu gani ya kukusanya ushahidi alioukataa? Mbingu na zisomwe kwa darubini na hesabu, na aya zisomwe kwa lugha na mpango wake. Msomaji aliyezisoma zote mbili vema hatapungukiwa na la kustaajabia.